Vua Kiatu, Baba Pacha

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha kulala. Kingine kilikuwa cha cherehani, cha wageni, cha kupigia pasi na cha kugombana. Pacha wenyewe walikuwa wamekua na kwenda zao, lakini jina lilibaki kwa wazazi. Mama Pacha alikuwa fundi wa nguo na hodari wa maneno. Majirani walisema sindano yake inachoma kitambaa na ulimi wake unachoma watu.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Huyu alikuwa mpole kupita kiasi. Ungemkanyaga, angekuomba radhi wewe. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na kila mwezi alikwenda kituo cha afya kuchukua dawa.

Kliniki ilikuwa na gharama zake. Siku ya kliniki hakuna kazi, na siku isiyo na kazi haina ujira. Kuna nauli. Tena dawa zikikosekana kituoni, lazima uzinunue dukani. Kwa hiyo Baba Pacha akiingia kwa daktari alitaka kutoka upesi. Daktari aliandika huku ameinamisha kichwa, akauliza, "Habari, mzee?" Baba Pacha akajibu, "Nzuri." Akapewa karatasi ya dawa, akaondoka.

Tusidanganyane, sote tumelelewa hivyo. Nyumba inaungua nyuma ya mtu, lakini ukimuuliza habari atajibu nzuri kwanza, ndipo aombe maji. Hiyo ni adabu, na adabu ni jambo jema. Lakini mbele ya daktari adabu ya namna hiyo inaua.

Asubuhi moja mgeni alibisha hodi. Alikuwa binti mwenye viatu vya vumbi na mkoba begani. Aliamkia kwa heshima, akasema yeye ni mtafiti. Walikuwa wanachunguza huduma za afya: gharama zake, urahisi wa kuzipata, na jinsi wagonjwa wanavyotunzwa. Alieleza kwamba hataandika jina la mtu. Asiyetaka kujibu asijibu, na wala hatanyimwa dawa kwa sababu hiyo.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Pacha, akaondoa nguo kitini. "Huduma ni nzuri. Tunashukuru."

Yule binti hakuandika kitu. Alitabasamu tu, kama mtu aliyekwisha kulisikia jibu hilo hadi kulichoka.

Akawasimulia. Mwanzoni walikaa pale kituoni na kuwauliza wagonjwa wakitoka kwa daktari: je, umeridhika? Wote walisema wameridhika. Matokeo yakawa matamu kama asali. Kisha watafiti wakaenda hospitali kubwa. Huko wakawakuta watu wa kituo hicho hicho wamelazwa, miguu imeoza, wengine imekwisha kukatwa. Wote hao walikuwa watu wa "nzuri".

"Kosa lilikuwa letu," alisema. "Tuliuliza habari, tukajibiwa salamu. Sasa siulizi tena kama mtu ameridhika. Nauliza alichofanyiwa. Baba, ulipokwenda kliniki mara ya mwisho, daktari alikuvua kiatu akatazama miguu yako?"

Baba Pacha alimtazama mkewe. "Hapana," alisema.

"Na mara ya nyuma yake?"

"Sikumbuki kama amewahi. Lakini miguu yangu haiumi, binti. Kwa kweli siku hizi hata siisikii."

Uso wa yule binti ulibadilika. Akaeleza polepole. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu huua hisia za miguu. Mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Kidonda kinaingia ndani, na kwa kuwa hakiumi, mwenyewe anatembea nacho akiwa na furaha zake. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anapaswa kutazamwa miguu kliniki. Nyumbani naye ajitazame kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Asipoweza kuinama, mtu wa nyumbani amtazamie.

Mama Pacha hakungoja amalize. "Vua kiatu, Baba Pacha."

"Mbele ya mgeni?"

"Vua."

Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cheusi, kimezungukwa na usaha. Soksi ilikuwa imegandana nacho. Baba Pacha mwenyewe alishangaa kuliko wote. Kila usiku Mama Pacha alilala kando ya mguu ule, akaushonea suruali, akaufulia soksi, na hakujua. Aliogopa, na hofu yake ilipopata moto ikawa hasira.

"Kipake kitu, binti," alisema.

"Mimi si daktari, mama, siruhusiwi kutibu. Na ninyi msipake kitu. Si majivu, si dawa ya meno, si majani. Funikeni kwa kitambaa safi mwende leo hii. Mkifika, mkumbuke kwamba mgonjwa ana haki. Haki ya kupimwa, ya kuuliza, na ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Tena akishindwa kutibiwa hapo, ana haki ya kupewa rufaa aende mbele. Hayo si fadhila, mama. Ni haki."

Baba Pacha alianza kutafuta njia ya kukwepa. Alisema kuna ukuta unamngoja. Alisema daktari ana kazi nyingi, si vizuri kumsumbua. Mkewe akamgeukia.

"Ukikuta ukuta una unyevu, unapaka rangi juu yake?"

"Aa, siwezi. Nakwangua kwanza, mpaka nione unyevu unatoka wapi. Ukipaka juu tu, unaoza ndani."

"Basi na hiyo nzuri yako ni rangi. Leo tunakwangua."

Kituoni foleni ilikuwa ndefu. Walikaa kwenye benchi mpaka wakaitwa. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi, na mezani pake mafaili yalikuwa yamepandana. Hakuinua kichwa.

"Habari, mzee?"

"Nzu..." alianza Baba Pacha. Kiwiko cha mkewe kikamfikia ubavuni.

"Mbaya," alisema Mama Pacha. "Mume wangu ana kidonda mguuni. Tunaomba umtazame."

"Mama, leo ni siku ya dawa tu. Watu wamejaa nje. Nikianza kuvua watu viatu, nitamaliza lini?"

"Mimi sijui utamaliza lini. Ninachojua ni kwamba hatutoki humu hujautazama huu mguu."

"Nitamwita mlinzi."

"Mwite. Naye atautazama."

Liwalo na liwe. Mama Pacha alipiga magoti sakafuni, akafungua kamba, akavua kiatu, akavua soksi. Akavuta kiti cha pili, akaupandisha mguu wa mumewe juu yake, akafungua kitambaa. Harufu ilienea chumbani. Baba Pacha alifumba macho kwa aibu. Daktari aliacha kalamu.

Alitazama muda mrefu. Kisha akavaa glavu, akainama. Alibonyeza hapa na pale akiuliza kama inauma. Haikuuma popote. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mzee, kwa nini hukusema siku zote hizi?"

Mama Pacha ndiye aliyejibu. "Hukumuuliza. Ulimuuliza habari."

Daktari aliandika rufaa kwa mkono wake, akampigia simu mwenzake wa hospitali kubwa, akasema mgonjwa yuko njiani na asikalishwe foleni. Wakati wanatoka alisimama akawafungulia mlango.

Hospitalini kidole gumba kilikatwa. Mfupa wake ulikuwa umekwisha kuoza. Mguu uliokolewa, na daktari wa upasuaji alisema wazi kwamba wangechelewa kidogo tu wangeukosa. Gharama ilikuwa kubwa, na Mama Pacha alishona mchana kutwa na jioni zote ili kuilipa. Kila alipokanyaga cherehani alikumbuka kwamba kumtazama mtu mguu hakugharimu hata senti.

Baadaye watafiti waliitisha mkutano kituoni wasome walichokipata. Yule binti alisoma bila kuzunguka. Wagonjwa wengi wa kisukari hawatazamwi miguu. Bei za vipimo hazijabandikwa mahali popote. Na daktari ni mmoja, watu ni wengi mno, kwa hiyo naye anaonewa. Daktari kijana, aliyekaa nyuma, alitikisa kichwa kukubali.

Msimamizi wa kituo hakukubali. Alisimama, akasema kituo chake kina sifa njema, na watu wote humsifu. Kisha akauliza ni nani aliyekwenda kuchafua jina la kituo.

"Majina hatuyatoi," alisema mtafiti. "Tuliwaahidi."

Mama Pacha alikuwa amekaa katikati ya watu. Angeweza kunyamaza, maana siri ilikuwa salama. Lakini alijua kwamba angenyamaza, msimamizi angetoka pale akiamini hakuna mtu aliyeumia. Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Ahadi ya binti ni yake. Mimi nimejitaja mwenyewe. Mume wangu alikuja hapa kila mwezi na miguu miwili, na kila mwezi mlimrudisha bila kuitazama. Nililolisema nyumbani nalisema hapa, na kesho nitalisema tena. Na dawa za mume wangu nitakuja kuzichukua kama kawaida. Ole wake atakayetunyima."

Kisha Baba Pacha, mpole wa wapole, akajiinua kwa fimbo yake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba maneno ya mkewe ni kweli, na kwamba kidole chake ndicho shahidi. Msimamizi akakaa.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Mama Pacha alirudi kuuliza mara nyingi kuliko msimamizi alivyopenda. Hatimaye bei zikabandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Muuguzi kijana akaletwa, na kazi yake siku ya kisukari ni miguu. Watu wanangoja kwenye benchi, kamba zimefunguliwa na soksi ziko mifukoni, tayari. Baba Pacha amerudi kazini. Anapaka kuta za chini, ngazi amewaachia wengine.

Juzi bibi mmoja alikaa kwenye benchi lile akakataa kuvua viatu. Alinong'ona kwamba miguu yake ni mibaya, imepasuka, inanuka, na anaona aibu kumwonyesha kijana wa watu. Mama Pacha alichuchumaa mbele yake, akashika kamba ya kiatu.

"Vua, bibi," alisema. "Aibu ni kukatwa mguu ambao hakuna aliyeutazama."

Bibi akanyoosha mguu.