Usiitikie Moto

Goretti alitoka nyumbani kununua unga tu. Unga, na ndagala, dagaa wa kwao Burundi, kama zingekuwepo, maana pale dukani kwa mzee Roshanali ndagala zilikuja siku zilipojisikia kuja. Akamchukua binti yake Darlène ambebee mfuko. Ilikuwa Januari, mwaka tisini na nane, na kiza cha Toronto hakingoji mtu amalize shughuli zake. Saa kumi na moja jioni taa zote zilikuwa zimeshawaka.

Kurudi ndiko kulikoharibika. Theluji ilikuwa imeziba barabara, na basi halikuja. Walisimama kituoni mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Darlène akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba treni ya chini ya ardhi iko hapo hapo mbele yao, na nyumbani St. James Town si mbali, sasa kwa nini wafe kwa baridi?

Goretti alikuwa na sababu yake. Akaimeza. Wakashuka ngazi.

Ngazi zenyewe ndizo zile. Miaka miwili kabla, zilijaa moshi. Moto ulianzia chini, wanaojua ulianzaje wanajua wenyewe, na watu wakafa. Goretti na mumewe Tharcisse walikuwa wamekaribia kutoka, hewa safi wanaiona kwa macho, mkono wa mmoja ndani ya mkono wa mwenzake. Ndipo sauti ya mwanamke ikaita kutoka chini.

"Moto... moto..."

Tharcisse akasimama. Akaitikia kwa neno ambalo Goretti hakulijua. Akamwachia mkono, akarudi.

Alirudi chini, jamani. Mtu anaambiwa moto, yeye anaufuata.

Waokoaji walimkuta amekufa mwisho kabisa wa jukwaa, pale reli inapoingia kwenye shimo, yuko peke yake. Marehemu wengine wote walikuwa upande mwingine. Huyo mwanamke aliyeita hakuonekana, wala hapakuwa na dalili kwamba mwanamke yeyote aliwahi kufika kule.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Bujumbura. Hakutoa pole. "Ulimlisha nini mwanangu," aliuliza, "hata akaingia motoni kwa miguu yake mwenyewe?" Maneno hayo hayakuchelewa kufika kanisani, na watu wakaanza kumsalimia Goretti kwa ncha za vidole. Akawa mjane na mchawi kwa mpigo. Lakini hasira yake kubwa ilikuwa kwa marehemu mwenyewe. Tangu siku ya maziko hakuwahi kulitamka jina lake.

Chini kulikuwa kusafi. Vigae vipya, tangazo la dawa ya meno, na kijana mmoja aliyelala kwenye benchi na vidude vya muziki masikioni. Darlène akautua mfuko. Goretti akaugeuzia mgongo ule upande wa shimo.

Harufu ikaja kwanza...

Nywele zilizoungua.

Akajiambia ni mambo ya kichwa chake tu. Kisha ikaja sauti, nyembamba, ya mtu aliyechoka kuita.

"Moto..."

Kijana wa kwenye benchi hakutikisika.

"Moto... moto azali?"

Goretti akageuka. Akamshika binti yake mkono. "Twende juu," akanong'ona. "Haraka. Hujasikia wanasema moto?"

"Hasemi hivyo, mama." Darlène alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, na kwa mara hiyo moja alijibu kwa Kiswahili, kile chake cha kukwamakwama. "Hiyo ni Kilingala. Kwenye kwaya ya Wakongo tunaimba. Moto ni mtu. Anauliza... kama kuna mtu."

Goretti alimtazama mtoto kama anayemwona leo.

Tharcisse aliwahi kuishi Kinshasa. Kabla hawajaoana alishona suruali kule miaka mingi, na Kilingala alikijua kama Kirundi chake. Yeye Goretti ni wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, Kiswahili ndicho alichokulia, na katika Kiswahili chake moto ni moto. Pale kwenye ngazi walisikia neno moja. Yeye alisikia kimbia. Mumewe alisikia kwamba kuna mtu.

Ungedhani hasira ingempungua. Ilizidi. Kwa hiyo hakuwa mjinga, hakurogwa. Alijua anachofanya. Alipima mkono wa mke wake na sauti ya mtu asiyemjua, akauachia mkono. Goretti alitamani kumzaba kofi.

Halafu akagundua jambo la pili.

Siku ile aliyeita alikuwa mwanamke. Huyu alikuwa mwanamume.

"Mama," Darlène akasema taratibu. "Ni baba."

"Moto azali?"

Mtoto akafumbua kinywa. Goretti akakiziba kwa kiganja, akakibana kwa nguvu zote. Kwao Buyenzi mtoto anafundishwa angali anatambaa: jioni ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Tharcisse naye alifundishwa. Ila alisikia kuna mtu anaungua, na nani anakumbuka mafunzo ya bibi saa kama hiyo? Aliitikia. Ni kule kuitikia ndiko kulikompeleka, moto ulimkuta tu.

"Niache. Ni baba," Darlène alilia ndani ya kiganja. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na nguvu za mtu mzima. Alimng'ata mama yake mpaka damu ikatoka. Tayari alikuwa anamburuta kuelekea kule mwisho wa jukwaa, na moshi mwembamba ulishaanza kutambaa kwenye viatu vyao.

Treni ikaingia. Milango ikafunguka.

Goretti alimnyanyua mtoto mzimamzima, akamtupa ndani. Darlène akaanguka, akainuka, akageukia mlangoni na kinywa wazi. Goretti akaliona lile jibu likija. Aliliona kwenye midomo yake.

"Ba..."

"Abee," Goretti akawahi.

Akageukia shimo.

"Tharcisse, ni mimi. Goretti. Niko peke yangu."

Milango ikafungana. Darlène alipiga kioo kwa ngumi zote mbili, akipiga kelele ambazo mama yake hakuzisikia tena. Goretti alitaka kumpungia mkono. Mkono haukumtii. Miguu yake ilishaanza kutembea yenyewe, na ilikuwa haina haraka. Wa mwisho kumwona ni Darlène, kupitia kile kioo.

Hakupatikana. Walitafuta shimo lote, wakakuta mfuko wa unga tu pale jukwaani, na yule kijana wa kwenye benchi aliapa kwamba yeye alikuwa peke yake muda wote. Kanisani walitikisa vichwa. Mchawi amefuata kazi yake, wakasema, kisha wakauliza kama chai iko tayari.

Darlène sasa analelewa na jirani yao, Médiatrice, aliyemkataza katakata kukanyaga kituo kile. Mtoto anaitika ndiyo, na anapita. Amemsimulia Médiatrice kwamba siku hizi zipo sauti mbili mle ndani. Ya mwanamume inauliza vile vile, bila kuchoka. Ya mwanamke inagombagomba, inalalamika juu ya kitu fulani cha zamani, mkono, mkono wangu uliuachia.

Lakini Darlène akikaribia mwisho wa jukwaa, ugomvi unakatika ghafla. Wote wawili wananyamaza, wanasikiliza hatua zake.

"Moto azali?" baba yake anauliza.

Na mama yake anamjibu upesi, kabla mtoto hajavuta pumzi:

"Hakuna mtu."