Sentensi ya Saba

Kila alasiri akitoka shule, msichana wa darasa la sita aliyeitwa Kalamu alipitia kazini kwa baba yake kumpelekea chupa ya chai. Jina hilo la utani alipewa na baba mwenyewe, maana mtoto akisikia neno lililomkuna tu, daftari liko wazi. Baba alikuwa fundi mwashi. Alibeba mfuko wa saruji begani huku akipiga mluzi, na mafundi wenzake walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo.

Jumatatu moja mwalimu wa Kiswahili aliwapa kazi. "Neno nguvu lina sura nyingi," alisema. "Nileteeni sentensi kumi. Za kutunga sizitaki. Ziwe zimetoka vinywani mwa watu."

Kalamu akaingia mtaani, masikio wazi. Ya kwanza aliipata kwa mama, aliyekuwa mshonaji: "Leo umeme hauna nguvu, pasi haipati moto." Muuza dawa alikuwa akitupa kopo la zamani: "Hii imekwisha nguvu." Wazee wawili waliobishana juu ya mpira walimpa mbili kwa mpigo. "Hoja yako haina nguvu!" alifoka mmoja. "Basi tuseme timu zetu ni nguvu sawa!" Jirani naye alilalamika kwamba wanawe wanafunga mlango kwa nguvu.

Jumanne alasiri alifika kwa baba akiwa na tano. Hata hajaketi vizuri, baba akapiga kelele, "Ondoka hapo, Kalamu! Hilo tofali halijapata nguvu, litakukatikia!" Ikawa ya sita. Kalamu alicheka, akaandika.

Mara mwiko ukamponyoka baba, ukaanguka. Akauokota kwa mkono wa kushoto, akakaa chini, akawa anausugua ule wa kulia.

"Mkono huu leo hauna nguvu kabisa," alisema, na maneno yalimtoka mazito, mdomo umekwenda upande. Baada ya muda kidogo alikunja ngumi, akaikunjua, akacheka. "Umerudi. Usimwambie mama yako, sawa? Atanifungia ndani."

"Sawa, Baba." Kalamu alikuwa ameshaiandika, na pembeni yake: Baba, Jumanne. Sentensi ya saba, tena nzuri kuliko zote.

Hakuwahi kupata ya nane. Alhamisi alipeleka daftari hivyo hivyo, mistari mitatu mitupu. Mwalimu aliweka alama ya vema kubwa kwenye ile ya saba, akaandika pembeni: "Safi sana. Ina uhai."

Ijumaa asubuhi, baba alianguka akivaa shati.

Hospitalini daktari aliuliza kama mkono wa mgonjwa uliwahi kulegea kabla ya siku hiyo. "Hata mara moja," alijibu mama. "Huyu ndiye Winchi, Daktari. Haumwi huyu."

Kalamu aliufungua mkoba wake. Alitoa daftari, akafunua ukurasa ule, akampa daktari. Daktari alisoma, akarudia kusoma.

"Jumanne," alisema taratibu. "Siku ile mwili ulikuwa unatoa onyo. Mkono ukilegea ghafla, mdomo ukienda upande, maneno yakiwa mazito, mtu aletwe saa ile ile, hata kama hali imerudi."

Mama alimtazama binti yake. Hakumgombeza. Kalamu alitamani angemgombeza.

Baba alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi. Alirudi nyumbani wiki ya tatu, na mwiko wake ukabaki nyuma ya mlango.

Mwalimu alipokuja kumjulia hali, alimkuta Kalamu amekaa kizingitini, ule ukurasa ameuchana na kuukunjakunja, penseli mkononi.

"Ni mimi niliyeuua mkono wa baba, Mwalimu," alisema, akamsimulia ile siri aliyoombwa na baba, akaangua kilio.

Mwalimu aliketi karibu naye, akaunyoosha ukurasa juu ya goti. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na hii vema nani aliiweka? Nilisoma sentensi nzuri, mtu aliyeisema sikumsikia. Baba yako aliona haya, wewe ukatunza siri kwa kumpenda, mimi nikasifu. Wewe ni mtoto, mzigo wetu sisi wakubwa usijitwike. Lakini jifunze pamoja nasi. Maumivu ya mtu hayafanywi siri, hata akikuomba. Akikwambia hana nguvu, anaita msaada, na wewe uite wengine upesi. Kusema 'sina nguvu' kunataka nguvu kuliko kubeba saruji, mwanangu."

Ndani, sauti ya baba ilisikika, nzito, ikivuta maneno moja moja.

"Kalamu. Njoo... unifunge vifungo. Sina... nguvu."

Baba hakuwa amewahi kuomba hivyo maisha yake yote. Mistari mitatu ya mwisho kwenye ule ukurasa ilikuwa bado mitupu. Kalamu aliiacha penseli kizingitini, akaingia mbio, akamfunga baba yake kifungo kimoja kimoja huku machozi yakimdondoka mikononi. Baba naye alilia, na safari hii hakumwambia mtu afiche.