Chubwi wa Tangini

Jua lilikuwa linazama mke wangu aliponituma nimwite mjukuu wetu wa kike aje kuoga. Maji aliyomchemshia yalikuwa yanapoa.

Nilimwita ukumbini, nikamwita uani, kisha nikazunguka nyuma.

Nyuma ya nyumba tuna tangi la maji la saruji, limechimbiwa ardhini, lenye mfuniko wa chuma ambao mtu mzima huuinua kwa kuhema. Mfuniko ulikuwa pembeni.

Sina budi kueleza. Watoto walizoea kucheza juu ya tangi lile. Makatazo hayakusaidia, kwa hiyo niliwatungia kiumbe. Nilimpa jina, Chubwi, na aliyelitamka vibaya nilimsahihisha. Nikasema ananuka kutu. Nikasema hana baba wala mama, ndiyo maana huvuta watoto wa watu. Watoto wakamwogopa. Hata mama zao, wakipita na ndoo, wakawa wanammwagia maji kidogo kwa mzaha: "Shikamoo, Chubwi." Nami nilifurahi.

Shuleni tulisoma kwamba miungu midogo ya watu wa kale ilizaliwa na miungu mikubwa. Hakuna aliyetuambia kwamba inaweza kuzaliwa kwa mdomo wa mtu.

Nilipiga magoti, nikachungulia. Harufu ya kutu ilinipanda puani.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama chini, maji kifuani. Hakuwa analia. Mkono wake mmoja ulikuwa juu, kama wa mtoto anayevushwa barabara na mtu mrefu.

"Nipe mkono, mama."

"Haniachii, babu. Anataka kukuuliza kitu."

Kisha ikaja sauti, ndogo, kama ya mtu aliyepaliwa...

"Mbona ulisema sina baba?"

Maji yakapanda shingoni mwa mtoto.

"Unataka nini?" nilinong'ona.

"Niite."

Nilijua anataka niite vipi. Si kwa jina nililompa. Lakini dirisha la fundi viatu, jirani yetu, lilikuwa wazi, na yule bwana hana siri. Mtu wa umri wangu, niinamie shimo na kuliita mwanangu? Niliona haya. Maji yalifika kidevuni mwa mtoto, na mimi bado natazama dirisha.

"Mwanangu," nikanong'ona.

"Sijasikia."

Maji yakagusa mdomo.

"Mwanangu," nikasema kwa sauti. "Mwachie mwenzako, mwanangu."

Mkono ukaachiwa. Nikamvuta mtoto nje, nikaurudisha mfuniko kwa nguvu ambazo sikujua ninazo.

Mke wangu alikuja mbio na taulo. Fundi viatu alishatoa kichwa dirishani.

"Mzee, mwanao yupi tena huyo wa chini?" alicheka. "Shemeji, umesikia? Una mke mwenza tangini."

Mke wangu hakucheka. "Ulikuwa unamwita nani?"

Wote walinitazama.

"Hakuna mtu," nikasema. "Nilikuwa namwita huyu mtoto."

Chini ya chuma kitu kikaanza kulia, taratibu, kama mtoto anayeziba mdomo asisikike. Fundi viatu alifunga dirisha. Mke wangu alirudi nyuma hatua moja, akilitazama tangi, halafu akanitazama mimi.

Mjukuu wangu alikuwa anatetemeka ndani ya taulo.

"Alisema utamkana," akaniambia. "Mimi nikamwambia babu yangu hawezi."