Kuwaandikia Wasiokuwepo

Kila siku akitoka shule, Chiriku aliingia studio kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akasimama kidogo kunusa. Chumba cha giza alimosafishia picha babu yake kilikuwa stoo sasa, lakini harufu ya dawa, kali kama siki, ilikataa kuhama. Hiyo ndiyo iliyobaki ya marehemu babu, pamoja na stuli yake na makopo ya bati yenye bahasha za filamu. Hata jina la Chiriku lilitoka kwake, maana mjukuu huyu hakunyamaza hata mdomo ukiwa umejaa.

Studio ilikuwa ya mama siku hizi. Mama alikuwa amesoma kompyuta katika masomo ya jioni, akaunda msaidizi wa akili mnemba wa kujibu wateja na kutafuta picha zao, hata za zamani alizoziskani kutoka filamu za babu, yaani kuziingiza kwenye kompyuta. Msaidizi huyo hakuwa na mikono. Alitumia zana, yaani programu ndogo ndogo ambazo mafundi huzifikia kwa njia inayoitwa API. Moja ilitafuta picha, nyingine ilinakili, nyingine ilipunguza ukubwa, nyingine ilituma.

"Zana nimemaliza, yamebaki maelezo," mama alikuwa amemwambia wiki iliyopita. "Msaidizi haoni ndani ya zana. Anasoma maelezo yake, basi, ndipo anachagua. Wewe kalamu yako nzuri, mwanangu, nisaidie. Hii ya kupunguza inabadilisha picha yenyewe, ya asili haibaki. Ni ya picha mbovu zinazotujazia nafasi. Mteja akitaka ndogo ya kutazama, ni ile ya kunakili. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama," alijibu Chiriku, sikio moja likiwa nje, ambako wenzake walikwisha kunjua kamba ya kuruka. Akaandika, "Hupunguza ukubwa wa picha." Chini yake akaandika, "Hutengeneza nakala." Kisha huyo, mbio.

Leo alimkuta mgeni kwenye benchi, mwalimu mstaafu mwenye miwani minene.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasubiri darasa langu la kwanza. Asubuhi msaidizi wenu alinitumia picha ndogo ndogo kwenye simu, nikachagua. Mama yako ananitolea kubwa ya ukutani. Kesho tunakutana, sisi tuliobaki, kabla shule yetu haijavunjwa. Picha yangu ililowa maji, nyuso zote zikaondoka."

Mashine ya kuchapia ilinguruma, karatasi ikatoka. Mama aliitazama. Nyuso zote zilikuwa madoa.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu ni mimi au ni nguzo?" aliuliza.

Mama alifungua kompyuta. "Picha yenyewe imepunguzwa. Zako zote zimepunguzwa, mwalimu."

"Huyo msaidizi ni bure kabisa," alisema Chiriku. "Akili gani hiyo?"

Mama hakugombana naye. Alimsomea maelezo yale, mstari wa kwanza na wa pili. "Sasa jifanye wewe ndiye msaidizi. Hujawahi kukanyaga hapa. Umeambiwa mteja anataka picha ndogo. Ungechukua ipi?"

Chiriku aliangalia vidole vya miguu yake. "Ya kupunguza," alisema polepole. "Nilidhani hayo mengine yanajulikana."

"Yanajulikana na nani?"

Jibu la swali hilo alikwisha kulisikia, kwa sauti nyingine. Alikuwa mdogo, amekalia goti la babu, akimtazama akijaza bahasha ya filamu kwa maandishi. "Babu, mbona unaandika mengi hivyo? Si unajua?" Babu alikuwa amecheka puani. "Mimi najua, we Chiriku. Nawaandikia wasiokuwepo."

Aliburuta stuli, akapanda, akashusha kopo la picha za shule. Bahasha ya tatu ilikuwa yenyewe. Aliisoma kwa sauti: "Mwalimu mpya na darasa lake la kwanza, mbele ya mlango. Shika kingoni tu, vidole huacha alama. Usisafishe kwa maji. Kuna kipande kingine kinachofanana na hiki, ila mwalimu amefumba macho. Si hicho. Ukimaliza, rudisha hapa."

"Mzee yule," alisema mwalimu, akicheka huku machozi yakimtoka. "Aliniambia nisipepese, ndipo nikapepesa."

Mama aliskani filamu, akachapa upya. Safari hii nyuso zilitoka, hata kifungo kilichokosekana kwenye shati la mtoto wa mbele. Mwalimu alipitisha kidole juu yao mmoja mmoja, midomo ikicheza, kama anayeita mahudhurio.

Mwalimu alipoondoka na picha yake, Chiriku alikaa kwenye stuli ya babu. Kamba ilikuwa ikipiga chini huko nje, lakini hakuinuka. Aliandika: "Hupunguza picha ya asili, na haiwezi kurudi ilivyokuwa. Tumia kwa picha mbovu tu, tena mwenye studio akikubali. Mteja akitaka ndogo ya kutazama, si hii. Tumia ya kunakili, ambayo huiacha ya asili kama ilivyo."

Wakamjaribu msaidizi kwa picha ya Chiriku mwenyewe akiwa mchanga. Alichagua kunakili. Ya asili ilibaki salama.

"Na mimi nilipaswa kuyasoma maelezo kabla ya kuyaweka," alisema mama, akimfuta wino shavuni. "Picha nyingine za mwalimu tutaziskani pamoja Jumamosi. Ila shika hili, mwanangu. Kazi ya kueleza haiishi wewe unapoelewa. Inaisha pale anayesoma peke yake, wewe haupo, anapoweza kuifanya bila kuharibu."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Akaishika filamu kingoni, akairudisha katika bahasha yake, na bahasha katika kopo, pale pale babu alipoagiza.