Kipande Kisichoshika Moto

Ugali uliiva, mkaa wote ukawa majivu, lakini kipande kimoja kilibaki katikati ya jiko, cheusi vilevile, ukubwa wake kama ngumi ya mtoto. Wegesa alikigusa kwa woga. Kilikuwa cha baridi kama jiwe lililotolewa ziwani.

Mwaka ule wa 1984 hakuna aliyetupa mkaa. Mafuta ya taa yalikuwa ya foleni, na pale Kigera, Musoma, mwenye gunia la mkaa ndani alisalimiwa kwa heshima. Nyamhanga, mume wa Wegesa, aliuchoma mwenyewe kwenye vilima vya Bunda na kuuleta kwa baiskeli. Wegesa akakirudisha kipande kile guniani. Lakini kwanza alikisugua kwa kidole, akampaka mwanawe Pastory, wa miezi sita, alama nyeusi kwenye paji la uso, kama akina mama wanavyofanya ili jicho baya lipite mbali.

Kesho yake kipande kilikuwa jikoni tena, hakijaungua. Kesho kutwa pia. Siku ya nne akakitupa nyuma ya mtungi wa maji, penye unyevu, akaendelea na kazi zake.

Ndipo Pastory alipoacha kunyonya. Hakulia, hakukonda. Tumbo lake lilikuwa limejaa, na kila alipopewa ziwa aligeuza uso kama mtu aliyeshiba kwa jirani. Midomo yake ilikuwa myeusi.

"Mama Pastory, siku hizi unamlisha mkaa?" jirani yake Marieta alimtania. "Au maziwa nayo yameingia foleni?"

Wegesa alicheka kwa aibu, akamfuta mtoto kwa kanga. Kanga ikanuka maziwa yaliyochacha na udongo wa shimoni.

Mchana wa Alhamisi, jua likiwa kali hata bati linalia, alikuwa nje anaanika nepi aliposikia chumbani mtoto ananyonya, anameza, anavuta pumzi, ananyonya tena, naye akasimama na nepi mkononi akijiambia kwamba ni panya, kwamba ni Marieta, huku maziwa yake mwenyewe yakimchuruzika kifuani, mpaka alipojisukuma hadi mlangoni akamwona Pastory amelala peke yake, mdomo unachezacheza, maziwa meusi yanamtiririka kidevuni, na pembeni yake godoro limebonyea kama mtu ameegemea kiwiko. Kisha polepole, bila haraka yoyote, godoro likainuka.

Nyamhanga alimwita mama yake kutoka Butiama. Bibi Boke alifika kesho yake kwa basi la asubuhi, akaitazama midomo ya mjukuu wake, hata maji hakuomba. Akamgeukia mwanawe.

"Udongo wa kufunika tanuri la mkaa ulichimba wapi?"

Nyamhanga alieleza kwamba ardhi ilikuwa ngumu kwa ukame. Alipata kichuguu laini penye mji uliohamwa, akachimba hapo. Ndani yake akakuta kipande cha mkaa, akadhani kuna mtu alichoma zamani, akakitia guniani na vingine.

Boke akaketi chini.

"Hilo ni kaburi, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanamke akifa hajazaa, tulikuwaga tunamzika na mkaa mkononi. Anaambiwa, siku mkaa huu ukichipua, ndiyo urudi kutafuta mtoto."

"Mkaa hauchipui, mama."

"Ndiyo maana tuliwapaga mkaa." Akagusa alama iliyofifia kwenye paji la Pastory. "Nani alimpaka?"

"Mimi," alinong'ona Wegesa. "Kwa kipande hichohicho."

"Basi ulimwonyesha marehemu mtoto wa kuchukua. Kilete. Kirudi kaburini leo hii, maneno yale yasemwe upya, naye atalala."

Wegesa alimwachia Boke mtoto, akapiga magoti nyuma ya mtungi, akapenyeza mkono gizani. Vidole vyake vikagusa kitu laini. Alipokivuta, kiligoma, maana kilikuwa kimeshika ardhi kwa mizizi. Akakiinua kwenye mwanga. Katika ufa wa mkaa yalikuwa yametoka majani mawili, mabichi, yenye unyevu.

Nyuma yake Pastory akacheka. Wegesa akageuka. Mwanawe hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuelekea mlango uliokuwa wazi, usio na mtu, akirukaruka mikononi mwa bibi yake kama mtoto aliyemwona mama yake anarudi.