Swali la Kwanza la Kabula

"Mwangaluka, baba," Kabula alisalimia kwa Kisukuma, akipiga goti kidogo.

"Mwangaluka, mayu. Umelala kweli wewe, mwanangu?"

Hakulala. Angelala vipi? Kabula alikuwa mwaka wa tatu chuoni Mwanza, akisomea kompyuta, na sasa alikuwa likizo kijijini kwao. Kampuni moja ilikuwa tayari kumpokea kwa mafunzo ya uhandisi wa programu. Ila ilitaka Jumatatu aonyeshe programu aliyoitengeneza mwenyewe, tena inayotumiwa na watu. Programu alikuwa nayo. Watu ndio hawakuwepo.

Programu yake iliwakumbusha wafugaji siku ya chanjo. Mfugaji anatuma ujumbe kwa simu yoyote, hata kitochi kisicho na intaneti. Programu inamuuliza maswali. Chanjo ikikaribia, inamtumia ujumbe. Kabula aliitengeneza kwa sababu ya baba yake, mzee Maduhu. Mwaka uliopita mzee alipitwa na siku ya chanjo, ugonjwa wa chambavu ukamuulia ndama.

Asubuhi hiyo alimpa baba yake ajaribu. Mzee akasoma swali la kwanza: "Una ng'ombe wangapi?"

Uso ukamkunjamana. Akaandika: "Wapo."

Programu ikajibu: "Umekosea. Andika namba."

"Ala! Mimi nikosee kwenye zizi langu mwenyewe?" Mzee alirudisha simu, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Majirani nao walifanya vivyo hivyo. Luhende, mfugaji wa nyumba ya pili, hata hakuficha shaka yake. "Huyu binti katumwa na nani?" aliuliza kwa sauti.

Kabula aliisukuma kando michembe, viazi vikavu alivyopikiwa na mama yake. Akawaza, "Labda mimi si mtu wa kazi hii. Nitarudi na cheti, nikae tu nyumbani." Aliogopa, jamani, aliogopa sana.

Jioni Mektilda alikuja kuwaona wazazi wake, majirani wa mzee Maduhu. Yeye ni mhandisi wa programu mjini Bariadi. Kabula alimkimbilia.

"Dada Mektilda, nimeiandika upya mara nyingi. Bado wananikimbia!"

Mektilda alijaribu programu. Aliposoma swali la kwanza, akacheka.

"Kabla ya kuandika, ulimuuliza nani?"

"Hakuna," Kabula alikiri.

"Kuuliza si ujinga, mdogo wangu. Haya, umekulia hapa. Umewahi kumsikia baba yako akitaja idadi ya ng'ombe wake?"

Kabula akashika mdomo. "Mungu wangu! Hata siku moja. Anasema kutaja mali hadharani ni kuita balaa."

Jambo hilo alilijua tangu utoto. Chuo kilikuwa kimemsahaulisha mapema hivyo!

"Na hiyo idadi, programu yako inaifanyia nini?" Mektilda aliuliza.

Kabula aliipitia programu yake haraka. "Haiifanyii kitu. Niliona tu ni vizuri kuwa nayo."

"Basi itoe. Mambo ya watu usiyoyahitaji, usiyakusanye. Uhandisi ni hivi: waulize watu kwanza. Andika kidogo. Wape wajaribu, ukae uwatazame. Wakikwama, rekebisha. Usimlaumu mtumiaji."

Kesho yake Kabula alimfuata baba yake lamboni, ng'ombe wakinywa maji. Safari hii alikuja kusikiliza. Wafugaji walisema wanataka ujumbe uje jioni, mifugo ikisharudi. Mchana hawashiki simu. Kabula hakuwa amewaza hilo kabisa. Alirudi akarekebisha. Sasa programu iliuliza mambo mawili tu: jina la kijiji na chanjo ya mwisho ilikuwa lini.

Akampa Luhende kwanza. Kama huyu atakataa, je?

Luhende alibonyeza polepole. Akasubiri swali baya. Halikuja.

"Imekubali!" alisema. "Maduhu, njoo. Hii haichunguzi zizi la mtu."

Hadi Jumapili wafugaji wengi walikuwa wamejiunga. Jumatatu Kabula alifika Mwanza. Aliwaeleza wenye kampuni kosa lake na jinsi alivyolirekebisha. Wakampokea.

Baada ya wiki chache, baba yake alipiga simu.

"Mayu, ule ujumbe wako ulikuja jana jioni. Leo ndama wote wamechanjwa."

Kabula alifuta machozi, kisha akatania. "Wote, baba? Wako wangapi?"

Mzee akacheka.

"Wapo."