"Gari Lilikuwa Zima," Nilisema Mbele ya Dada Yangu

Nina umri wa miaka arobaini na minne, ni baba wa mtoto mmoja, na kazi yangu ni fundi wa magari. Naishi Merrylands hapa Sydney na nimeajiriwa kwenye gereji moja kule Lidcombe. Wasomaji wenzangu, haya ninayowasimulia nimeyaficha zaidi ya mwaka. Yamenitafuna vya kutosha...

Kwetu ni Taita kule Kenya, upande wa Wundanyi. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Wakesho. Baba alifariki tukiwa wadogo, na Mama akatulea kwa kulima kabeji na kuzipeleka sokoni mwenyewe. Nilipopata nafasi ya kuja Australia, nilifanya juu chini Wakesho naye akaja. Akasomea uuguzi, akaingia kwenye nyumba za kutunza wazee, zamu juu ya zamu mpaka miguu ikavimba.

Halafu siku moja akanijia na gari la spoti! Jekundu, viti viwili, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Alikuwa akicheka kama mtoto. Akaniambia tangu aanze kazi hajawahi kujinunulia kitu cha raha, na hicho ndicho cha kwanza.

Niseme ukweli? Niliona aibu. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, hana mume, ananunua gari lisilo na nafasi hata ya kiti cha mtoto? Watu wa kanisani walianza kuniuliza maswali kwa kicheko cha pembeni, na mimi ndiye kaka mkubwa. Nikanuna.

Sasa, sisi Wakenya wa huku tuna mtindo wetu. Gari halipelekwi kwa mtu tusiyemjua, linapelekwa kwa "fundi wetu". Fundi wetu alikuwa mimi. Kila Jumamosi magari yalipanga foleni mbele ya nyumba yangu, nami nikavimba kichwa.

Wakesho naye akaleta lake. Mama alikuwa anakuja kututembelea, akataka gari liwe salama. Matairi ya mbele yalikuwa yamekwisha, nikafunga mawili mapya mbele. Ya nyuma niliyatazama nikiwa nimesimama wima, mikono mfukoni. Upande wa nje yalionekana yana meno mazuri. Nyuma sikupiga jeki. Sikuingiza mkono kupapasa upande wa ndani. Nilitaka nimalize nikale!

Kwa nini mapya mbele? Kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa ujana wangu kwenye gereji ya Voi. Mbele ndiko kwenye usukani, tairi la mbele likipasuka umekwisha. Bosi wangu wa Lidcombe alikuwa ameniambia mara mbili kwamba mapya huwekwa nyuma, hasa gari likiwa linasukumwa kutoka nyuma, maana barabara ikilowa mbele kutashika na nyuma kutahama. Nilimwitikia kwa adabu. Moyoni nikasema hayo ni mambo ya wazungu, mimi nimefunga matairi kabla hajajua kushika spana.

Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha, Wakesho akanipigia simu nikiwa mezani nakula.

"Kaka, gari inateleza nyuma. Pale roundabout ya karibu na kwangu, nyuma inataka kutangulia mbele. Na hata sikuwa nimekanyaga accelerator, honestly. Nilikuwa naenda pole."

Wasomaji, hapo ndipo fundi wa kweli angeweka chini kijiko chake. Mkia wa gari ukihama dereva akiwa amekanyaga mafuta, pengine mguu wake ni mzito. Lakini ukihama akiwa ameuachia mguu, anaenda polepole, basi gari lenyewe linalalamika! Unatazama matairi ya nyuma, nje na ndani. Unapima upepo. Unapima kama magurudumu ya nyuma yamenyooka, unatikisa bushi, zile raba za kwenye viungo vya magurudumu, uone kama zimelegea. Ni kazi ya nusu saa... Nusu saa tu!

Mimi nilicheka. Nikamwambia hilo ni gari la wanaume, apunguze mguu. Halafu, kwa haraka haraka, kama mtu anayetoa sadaka, nikamwambia likiteleza asikanyage breki, aachie mafuta taratibu, azungushe usukani kule mkia unakokwenda na macho yake yatazame anakotaka kufika. Basi.

Kama hiyo haitoshi, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa: "Dada yangu amenunua farasi, sasa farasi anamshinda. Mumwombee!" Watu wakacheka wiki nzima. Wakambatiza Mama Spidi. Yeye hakunitajia tena habari za gari.

Mama akaja. Jamani, alivyolipenda lile gari! Alikaa kiti cha mbele, kitambaa kichwani, akawapigia majirani wa Wundanyi video wamwone. Mwanangu amefika, aliwaambia, mwanangu amefika kweli kweli.

Jumapili moja asubuhi tulikuwa tunaelekea kanisani. Mama alikataa kupanda gari langu, akaenda na Wakesho. Mimi nikafuata nyuma yao na mke wangu na binti yetu wa miaka tisa. Kulikuwa na ukavu wa majuma mengi, na mvua ndiyo kwanza ilianza kudondoka. Lami ikawa inang'aa.

Niliona kila kitu kwa macho yangu. Wakesho aliingia kwenye mzunguko wa barabara, ile ile roundabout ya karibu na kwake, polepole, polepole kuliko mimi. Nikauona mkia wa gari unachomoka. Nikayaona magurudumu ya mbele yanageuka kule kule nilikomwelekeza. Taa za breki hazikuwaka. Dada yangu alifanya yote niliyomfundisha! Gari likarudi, likanyooka kidogo... halafu mkia ukachomoka tena, safari hii bila huruma, na ubavu wa kushoto ukagonga nguzo.

Kushoto ndiko alikokaa Mama.

Mama alifariki siku ya pili hospitalini. Wakesho alivunjika nyonga. Mimi ndiye niliyeusindikiza mwili mpaka Wundanyi, tukamzika kando ya Baba. Wakesho alibaki kitandani huku Sydney, hakumzika mama yake. Mnaelewa hilo ni jambo gani kwa mtoto wa kike?

Kabla ya safari nilikuwa nimekwenda kule gari lilikopelekwa, nichukue mkoba wa Mama. Nikachuchumaa nyuma. Nikaingiza mkono upande wa ndani wa tairi. Kipara! Laini kabisa, waya zimetokeza, zikanichoma kidole. La pili vile vile. Nikajifuta damu kwenye suruali, nikachukua mkoba, nikaondoka.

Wakesho alipotoka hospitali tulikaa kikao kwangu kumaliza msiba, sisi na wazee wa kanisa. Alikuja na magongo mawili. Kundini walikuwa wameshaandika yao, kwamba Mama Spidi amemuua mama yake kwa mbio. Mzee mmoja akanigeukia kwa upole.

"Fundi, wewe ndiye unaijua hiyo gari. Ilikuwa na shida yoyote?"

Nilifikiria jina langu. Nilifikiria foleni ya Jumamosi, na vile ningetazamwa...

"Gari lilikuwa zima," nikasema.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. "But Dad," akasema, "Auntie was going really slow. We saw her." Kwamba shangazi alienda polepole, na sisi tulimwona. Nikamkemea aende chumbani kwake. Mke wangu akainamisha kichwa.

Wakesho alikuwa amepakata mkoba wake. Akafungua zipu, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaifunga. Mwezi uliofuata akahamia Perth, upande wa pili wa Australia.

Mwaka ukapita. Nilikuwa nakula lakini sishibi, nalala lakini siamki na nguvu. Mke wangu alizungumza nami mambo ya nyumba tu. Binti yangu aliacha kunisimulia habari za shule.

Kisha juzi juzi, mchana, mteja akaja gerejini, msichana mwenye gari la spoti. Akasema kwa woga kwamba linateleza nyuma, labda ni yeye hajui kuendesha. Nikamuuliza ukiwa umekanyaga mafuta au ukiwa umeachia? Nikapiga jeki, nikapapasa ndani ya tairi. Nikashindwa kuendelea. Nikaenda kujifungia chooni, nikalia kwa sauti mpaka bosi akaja kugonga mlango.

Nikampigia Wakesho simu nikiwa humo humo. Nikamwambia yote. Matairi, mkono mfukoni, damu ya kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, najua," akasema. "Siku ya kikao nilikuwa na report ya watu wa insurance kwa handbag. Imeandikwa tairi za nyuma zilikuwa zimeisha upande wa ndani. Nilifungua nikitaka kuwasomea. Halafu nikaona, wacha nimpe ndugu yangu nafasi aseme mwenyewe."

Kwa nini hakuisoma baada ya mimi kusema uongo? Alisema angeisoma, watu wangeniita mimi muuaji, na mtoto wangu angesikia. Akaona heri waendelee kumwita yeye.

Nilidhani hapo ndipo nilipofika mwisho wa uchungu. Kumbe bado! Akauliza kwa sauti ndogo, ile ya utotoni.

"Kaka, ulikuwa nyuma yetu. Niambie tu ukweli. Nilikuwa naenda mbio?"

Wasomaji wenzangu! Report anayo mkononi, na bado hana hakika. Maneno yetu yalimwingia mpaka akaanza kuyashuku macho yake mwenyewe.

"Hapana, Wakesho," nikamwambia. "Ulikuwa unaenda pole."

Akalia. Simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema yote, na jioni nikayaandika kwenye lile kundi nilimomcheka. Wengi hawaniletei tena magari. Sawa tu. Wakesho hajarudi, na sijui kama atarudi. Amenitumia ujumbe mmoja, "Asante Kaka," na mimi huusoma kila siku kabla ya kwenda kazini.

Nawaomba, ninyi mnaonisoma. Mtu akikwambia kitu chake kina kasoro, usimcheke ili uonekane unajua. Piga jeki, ingiza mkono upande ule usioonekana. Na ukikuta kosa ni lako, liseme siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajalibeba. Mimi nilichelewa mwaka mzima kusema maneno manne.

Dada yangu alienda polepole.